Nusu ya Mkulima: Jinsi Italia Ilivyopata Meza ya Shambani

Mgeni anayekwenda kula shambani nchini Italia mara nyingi haulizwi anataka nini. Anakaribishwa, anaketi, na chakula kinaanza kuja. Kule Toscana hutangulia vipande vya mkate vilivyopakwa maini ya kuku, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na jibini ya kondoo. Hufuata tambi zilizokatwa kwa mkono asubuhi hiyo, kisha nyama ya kuchoma na mboga za bustanini, na mwisho biskuti ngumu za lozi pamoja na divai tamu ya kuzichovyea. Divai ya mezani huja katika jagi lisilo na lebo, kwa kuwa imetoka kwenye pipa lililo nyuma ya ukuta. Mpishi ni mama mwenye nyumba akisaidiwa na mkwe wake, binti ndiye anayepakua, na mzee anayepita kuwasalimu wageni ndiye aliyemlisha yule nguruwe. Waitalia huita mahali pa namna hii agriturismo.

Wageni wengi huondoka wakiamini wameonja maisha ya wakulima wa kale. Lakini mkulima wa kale aliyeishi katika nyumba hiyohiyo hakula hivyo, isipokuwa siku chache za sikukuu na mavuno. Tena biashara yenyewe ni changa: sheria ya taifa iliyoihalalisha ni ya mwaka 1985. Nyuma ya sheria hiyo kuna karne nyingi za kugawana mavuno na kabaila, vita, njaa, na kuhama kwa mamilioni ya watu. Asiyeijua historia hiyo hali chakula cha shambani, anakula tu.

Karne ya 14 hadi ya 18: nyumba moja, shamba moja, nusu kwa nusu

Katika jumba la baraza la mji wa Siena kuna mchoro mkubwa wa ukutani ambao Ambrogio Lorenzetti aliuchora mwaka 1338 na 1339 kuonyesha utawala bora na matunda yake. Upande mmoja ni mji, upande wa pili ni mashamba: vilima vimelimwa, mizabibu imepangwa mistari, watu wanapura ngano, wengine wanaswaga wanyama kuelekea mjini. Mtu aliyesimama leo juu ya kilima chochote jirani na Siena anaitambua nchi hiyo mara moja.

Walioitengeneza sura hiyo ni matajiri wa mjini. Wafanyabiashara na wenye benki wa Firenze na Siena walianza kuweka fedha zao katika ardhi, wakaigawa vipande, na katika kila kipande wakajenga nyumba na kuweka familia moja. Tauni ya 1348 ilipoua watu kwa makundi, wafanyakazi wakawa adimu na mpango huo ukaenea zaidi, kwa sababu ulimfunga mkulima na jamaa yake yote kwenye shamba. Mpango huo ndio mezzadria. Kabaila alitoa ardhi na nyumba. Mkulima alitoa jasho lake, la mkewe na la watoto wake. Ngano, divai na mafuta ya zeituni viligawanywa nusu kwa nusu.

Kwa maneno, nusu kwa nusu ni haki. Lakini juu ya nusu hiyo kulikuwa na nyongeza. Mkulima alimpelekea kabaila kuku wanono wakati wa Krismasi na mayai wakati wa Pasaka, na wake wa wakulima waliitwa kufua nguo za nyumba kubwa. Nyapara ndiye aliyeshika daftari la hesabu, na mkulima ambaye hakujua kusoma hakuwa na namna ya kulipinga. Msimu ulipokuwa mbaya alikopa mbegu, deni likaandikwa. Mkataba ulihesabiwa mwaka hadi mwaka, sehemu nyingi ukiishia siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Aliyefukuzwa alipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni wa ng'ombe siku hiyo na kwenda kutafuta shamba jingine.

Kwa ubaya wake wote, mpango huo uliacha kitu kimoja kilichodumu: nyumba. Kwa kuwa kila familia iliishi katikati ya shamba lake, Toscana, Umbria na Marche zilijaa nyumba za mawe, moja juu ya kila kilima. Kusini mambo yalikuwa mengine. Sicilia na Calabria zilitawaliwa na mashamba makubwa ya ngano. Vibarua waliishi mjini, wakatembea usiku kwenda kazini na kurudi usiku, na katikati ya ngano hapakuwa na nyumba ya mtu. Kaskazini kabisa, katika milima ya Bolzano, desturi ilikataza shamba kugawanywa: lilikwenda zima kwa mrithi mmoja, na familia ikakaa juu ya ardhi ileile kizazi baada ya kizazi. Leo zaidi ya agriturismo 5,000 ziko Toscana na zaidi ya 3,000 ziko mkoa wa Bolzano. Ramani ya meza za shambani ilianza kuchorwa karne hizo, na waliochora hawakumfikiria mgeni hata kidogo.

Jambo moja la karne ya 18 halipaswi kusahaulika. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II wa Austria aliwaruhusu wakulima wa himaya yake kuuza nyumbani mwao chakula na divai waliyoizalisha wenyewe. Wakulima wa nyanda za mawe juu ya Trieste waliishika ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Walitundika tawi bichi njiani kuwajulisha wapita njia kwamba pipa limefunguliwa, na mpaka leo tawi hilo bado linatundikwa, ukilifuata unafikishwa kwenye mabenchi, mayai ya kuchemsha na nyama ya nguruwe ya nyumba hiyo. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo kanuni iliyokuja kuandikwa miaka 200 baadaye ilipopata mwanzo: mkulima aruhusiwe kumlisha mgeni, mradi chakula kiwe chake.

1800 hadi 1940: jikoni juu ya zizi

Ingia jikoni mwa mkulima wa Toscana wa enzi hizo. Chini kuna zizi la ng'ombe wa kulimia. Joto lao hupanda na kusaidia kuipasha nyumba wakati wa baridi. Juu, jiko la kuni ni pana kiasi kwamba wazee huketi ndani ya nafasi yake, pembeni mwa moto. Ukutani kuna sanduku la mbao la kukandia na kuhifadhia unga. Mkate huokwa mara moja kwa wiki, hautiwi chumvi, na ukikauka hautupwi. Huloweshwa, ukachanganywa na maharagwe na kabichi nyeusi, ukapikwa, na kesho yake ukapikwa tena. Watu 15 au 20 wa ukoo mmoja huishi humo. Baba mkuu huamua kazi za shambani na hujibu kwa nyapara. Mama mkuu hutawala jiko, kuku na sungura, na senti za mayai ndizo fedha pekee anazozishika.

Nyama ilionekana mara chache. Kaskazini, huko Veneto na Lombardia, hali ilikuwa mbaya zaidi: maskini waliishi kwa ugali wa mahindi, asubuhi ugali, usiku ugali, bila kitoweo cha maana. Mahindi hayakuandaliwa kama walivyoyaandaa wenyeji wa Amerika yalikotoka, kwa maji ya chokaa, na mwili ukakosa vitamini. Ugonjwa wa pelagra ukaenea: ngozi ilichubuka, tumbo likaharibika, na wengi wakaishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Uchunguzi mkubwa wa bunge kuhusu kilimo, ulioanza mwaka 1877 chini ya Stefano Jacini, uliiweka aibu hiyo wazi. Mamilioni walipanda meli kwenda Argentina, Brazil na Marekani.

Siku moja katika mwaka ilikuwa tofauti, nayo ni siku ya kupura ngano. Mashine ilizunguka kutoka shamba hadi shamba, na majirani walikuja kusaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wanaume kadhaa walikuwa uani katika vumbi la makapi tangu alfajiri. Jikoni wanawake walikuwa wamechinja bata bukini: shingo na maini yaliingia kwenye mchuzi wa tambi, na nyama ikachomwa. Hakuna nyumba iliyokubali kuonekana bahili siku hiyo, hata kama ingefunga mkanda wiki zote zilizofuata. Mlolongo wa vyakula anaouona mgeni wa leo, vya mwanzo, tambi, nyama, vitamu, ni karamu ya siku ya kupura. Wajukuu wameichukua siku bora ya bibi zao wakaifanya iwe kila Jumapili, nami naona wamefanya vema.

Dikteta Mussolini alipochukua nchi alisifu maisha ya shamba kwa sauti kubwa, na mwaka 1939 akatunga sheria ya kuwazuia watu wa vijijini kuhamia mijini. Nusu kwa nusu ilibaki palepale.

Julai 1943: tambi za Campegine

Karibu na mji wa Reggio Emilia iliishi familia ya Cervi: baba Alcide, mama Genoeffa, na watoto tisa, saba kati yao wavulana. Walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu hadi mwaka 1934, walipoukataa mkataba huo wakakodi shamba la Campi Rossi huko Gattatico. Walisoma vitabu na majarida ya kilimo, wakasawazisha ardhi ambayo majirani waliiona haifai, wakafuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1939 mmoja wao, Aldo, alirudi nyumbani na trekta, na pamoja nalo ramani ya dunia ya mviringo. Trekta na tufe hilo vipo hadi leo katika nyumba yao, ambayo sasa ni makumbusho.

Mussolini alipoangushwa tarehe 25 Julai 1943, akina Cervi walitaka kusherehekea pamoja na watu wote. Walichukua siagi na jibini kwa mkopo kwenye kiwanda cha maziwa, wakapika tambi kwa wingi, wakazipakia katika madumu ya maziwa juu ya gari la kukokotwa na kuzipeleka uwanjani katika mji jirani wa Campegine. Watu waliokuwa wamechoshwa na chakula cha mgao walikula bure, kila aliyefika.

Miezi iliyofuata nyumba yao ilifungua mlango kwa watu ambao kuwapokea kulikuwa hatari zaidi. Baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943, maelfu ya mateka wa nchi za Washirika walitoroka makambini na kuzagaa mashambani. Wakulima maskini wa Italia waliwaficha na kuwalisha, ingawa adhabu ilikuwa kifo. Akina Cervi walikamatwa wakiwa na wageni wao ndani, nyumba ikachomwa moto, na tarehe 28 Desemba 1943 ndugu wote saba walipigwa risasi na Wafashisti. Genoeffa alifariki mwaka uliofuata. Alcide aliendelea kulima pamoja na wakwe na wajukuu. Ninaisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu ukarimu wa shambani Italia husifiwa siku hizi kama kivutio cha utalii tu, na kuna watu walioulipia kwa roho zao.

1945 hadi 1970: milango inafungwa

Vita vilipokwisha, wakulima hawakukubali tena hesabu za zamani. Waliacha kupeleka kuku wa Krismasi kwa mabwana, wakawapelekea wagonjwa hospitalini. Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alisuluhisha, na mwaka 1947 fungu la mkulima likapandishwa kutoka 50% hadi 53%. Kusini watu waliingia katika mashamba yaliyolala. Oktoba 1949 polisi waliwapiga risasi wakulima huko Melissa, Calabria, watatu wakafa. Mwaka uliofuata serikali ilipitisha sheria za mageuzi ya ardhi zilizotwaa takriban hekta 700,000.

Nafuu ilikuja watu wakiwa tayari wamegeuza uso. Viwanda vya Torino na Milano vilihitaji mikono, na mshahara wa mwezi haukungoja mvua. Mwaka 1951 zaidi ya wafanyakazi 4 katika kila 10 wa Italia walikuwa kwenye kilimo. Kufikia 1971 walikuwa chini ya 2. Wa kwanza kudai kuondoka walikuwa mara nyingi wasichana: hawakutaka kuolewa katika nyumba isiyo na maji ya bomba, chini ya amri ya mama mkwe, juu ya zizi. Kijana aliyebaki shambani alikosa mchumba. Sheria ya Septemba 1964 iliongeza fungu la mkulima hadi 58% na kupiga marufuku mikataba mipya ya nusu kwa nusu, lakini kwa nyumba nyingi hapakuwa na mtu wa kuipokea nafuu hiyo. Mapaa yaliporomoka. Miiba ikafunika ngazi. Waingereza na Wajerumani walinunua nyumba za Chianti, huko Toscana, kwa bei ya chini.

1965: makabaila wenye nyumba tupu

Wazo la kuwaita wageni halikutoka kwa wakulima. Mwaka 1965 Simone Velluti Zati, mtu wa ukoo wa kikabaila wa Toscana, pamoja na vijana wa chama cha wenye mashamba, walianzisha Agriturist, chama cha mashamba yanayopokea wageni. Walikuwa na ardhi isiyo na watu na majumba yanayooza, na walikuwa wameona jinsi Wafaransa walivyoanza kupangisha nyumba za vijijini. Hoja yao ilikuwa rahisi: mtu wa mjini, mara nyingi mtoto wa mkulima aliyehama, ana hamu ya kijiji, na shamba linahitaji pato la pili.

Vyama vya wakulima wadogo vilifuata; mwaka 1973 Coldiretti, chama chao kikubwa, kiliunda Terranostra kwa kazi hiyohiyo. Milimani Trento na Bolzano walianza kujitungia kanuni katika miaka hiyo ya 1970. Kwingineko mkulima aliyempakulia mgeni sahani ya tambi kwa malipo hakuwa na hakika kama yeye ni mkulima au mwenye mkahawa asiye na leseni.

1985 na 1986: baridi kali, sheria, na hofu ya chakula

Januari 1985 baridi kali isiyosahaulika iliipiga Toscana. Jirani na Firenze kipimo kilishuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Magome ya mizeituni yalipasuka, utomvu ukaganda, na mamilioni ya miti, mingine ya umri wa mababu, ikakauka. Mzeituni uliokatwa huchipua tena shinani, lakini huchukua miaka mingi kuzaa vizuri. Familia iliyotegemea mafuta ilibaki na nyumba na jiko.

Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo ilitoka sheria namba 730. Ni sheria fupi, na ndani yake mna busara ambayo ningependa watunga sheria wa kwetu waisome. Ilisema anayeruhusiwa kuendesha agriturismo ni mkulima na jamaa yake. Kulima na kufuga lazima kubaki kazi kuu, na kupokea wageni kuwe kazi ya kuisaidia. Vyumba viwe katika majengo yaliyopo. Na chakula kitokane hasa na mazao ya shamba lenyewe. Kwa hiyo tajiri wa hoteli hakuweza kununua ekari mbili, kupanda waridi na kujiita mkulima. Asiyelima hana leseni.

Miezi michache baadaye taifa zima lilipata sababu ya kuuliza chakula chake kinatoka wapi. Machi 1986 iligundulika kuwa divai ya bei rahisi ilikuwa imetiwa methanoli. Takriban watu 20 walikufa, wengine wakapofuka. Mwezi uliofuata kituo cha Chernobyl kililipuka, na Mei serikali ikazuia uuzaji wa mboga za majani. Machi hiyohiyo McDonald's ilifungua mlango Piazza di Spagna, katikati ya Roma, na maandamano yakazuka. Carlo Petrini wa mji wa Bra na wenzake walikuwa wakijenga harakati iliyotangazwa kimataifa mwaka 1989, mjini Paris, kwa jina la Slow Food. Katika hali hiyo, mkulima aliyeweza kumwonyesha mgeni pipa, zizi na bustani alikuwa na bidhaa ambayo duka kubwa halikuwa nayo.

1990 hadi leo

Kodi ilirahisishwa mwaka 1991, vijana wachache wakarudi, na idadi ikapanda. Pamoja nayo zilikuja lawama. Wenye mikahawa walilalamika kwamba wanashindana na watu wanaolipa kodi ndogo, na kwa baadhi ya mashamba walikuwa na haki: jikoni mliingia maboksi ya jumla, na mbuzi wawili walifugwa kwa ajili ya picha. Sheria mpya, namba 96 ya tarehe 20 Februari 2006, ilijaribu kuziba nafasi hiyo. Mikoa ilipewa kazi ya kupanga ni kiasi gani cha chakula kitoke shambani humo na kiasi gani kwa wakulima jirani. Na kwa familia ndogo iliwekwa nafuu: shamba lisilopokea zaidi ya wageni 10 huhesabiwa moja kwa moja kuwa kilimo bado ndicho kazi yake kuu. Mwaka 2013 ikaja alama ya taifa, ua la alizeti, moja hadi matano kwa kiwango cha huduma.

Leo agriturismo ni zaidi ya 25,000, na karibu nusu yake hutoa chakula. Kama theluthi moja huongozwa na wanawake. Wajukuu wa mama wakuu walioshika senti za mayai tu sasa wanashika leseni, akaunti na funguo.

Ukifika Italia, usiende kula shambani bila kupiga simu, maana nyingi hupika mwisho wa wiki tu na hupika kwa idadi ya waliojiandikisha. Usitafute menyu ndefu, ukiikuta, shuku. Uliza divai imetoka shamba gani, nyama imetoka kwa nani, na nani alikuwa akiishi katika nyumba hiyo kabla ya 1964. Familia inayolima kweli itajibu yote matatu; nawe lipa bei wanayotaja bila kubishana.